Kipimo Kinachosamehe

Mzee aliinua mwiko kutoka ndani ya pipa, akaulaza ubavu, akaiacha sabuni iteremke. Ilishuka kama utepe mpana, ikakatika, na kipande cha mwisho kikabaki kinaning'inia kama pindo la kitenge. Akakingojea kipoe, akakifinya kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Bado inauma," akasema. "Humu kuna kostiki ambayo haijapata mafuta yake."

Nilikuwa nimesimama pembeni na daftari mkononi. Kwa hesabu yangu, mmenyuko ulikuwa umekwisha dakika 20 zilizopita.

Hapo ni Buyenzi, kartiye (mtaa) ya Waswahili na mafundi magari, Bujumbura, miezi ya mwisho ya 1996. Nilikuwa nimetoka kampasi ya Mutanga, Chuo Kikuu cha Burundi, na shahada ya kemia. Karakana iliyonipokea ilikuwa ua uliofunikwa mabati, mapipa manne ya lita 200 yaliyokatwa vichwa, mafiga, kuni, na watu sita. Mzee alikuwa akipika sabuni tangu kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kigoda akaniambia maneno yaliyonitia hofu kuliko mtihani wowote: "Binti yangu, wewe umesoma. Tufundishe kupika kwa kostiki kidogo."

Alikuwa na sababu. Tarehe 25 Julai mwaka ule yalifanyika mapinduzi nchini kwetu, na tarehe 31 viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha wakatuwekea vikwazo vya kiuchumi. Burundi haina bahari. Bidhaa zilizokuwa zikitoka Dar es Salaam kwa reli hadi Kigoma, kisha kwa meli kuvuka Ziwa Tanganyika hadi bandari yetu, zilizuiwa. Mafuta ya mawese tulikuwa nayo, kwa kuwa michikichi ya Rumonge, ukingoni mwa ziwa kusini mwa Bujumbura, haikuhitaji kibali cha mtu. Lakini kostiki, yaani hidroksidi ya sodiamu, ilikuwa ya kuletwa. Mfuko mmoja uliofika ulikuwa umepita njia ambazo hakuna aliyeuliza, na bei yake ilituumiza. Sabuni nayo haikuwa anasa. Kulikuwa na kambi za waliokimbia makwao, kulikuwa na watoto wa kuogeshwa na nguo za kufuliwa. Pipa likiharibika karakanani, ilikuwa mali imemwagika na watu wamekosa.

Nieleze kwanza kinachotokea ndani ya pipa. Chembe ya mafuta ni asidi tatu za mafuta zilizoshikana na gliserini moja. Kostiki huzitenganisha. Kila asidi huchukua sodiamu yake na kuwa sabuni, na gliserini hubaki huru. Kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha kostiki kinachoyamaliza. Kilo 100 za mawese hutaka kilo 14 na ushei. Kilo 100 za mafuta ya mise, yatokanayo na kiini cha kokwa, hutaka zaidi, karibu kilo 17 na nusu. Mchanganyiko wetu ulikuwa mawese manne kwa mise moja, kwa hiyo kilo 15 zilitosha na chenji kubaki. Mzee alikuwa akitia kilo 17. Hakuwa mjinga. Aliogopa sabuni yenye mafuta mabichi, inayovunda na kubadilika rangi, na alijua ziada angeitoa kwa maji ya chumvi. Ukitia chumvi, sabuni hupanda juu, na maji huteremka na kostiki iliyobaki pamoja na gliserini nyingi. Maji yale yalikwenda mtaroni. Kwa kila kilo 100 za mafuta, kilo mbili za kostiki zilikuwa zikienda mtaroni.

Kwa hiyo nilidhani kazi yangu ni kugawanya na kuzidisha. Nilichukua sufuria ya kilo tano za mafuta, nikapima kostiki kwa gramu, nikaiyeyusha kwenye maji (kostiki ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji juu ya kostiki), nikamimina yote kwa mkupuo, nikakoroga. Dakika 40 sabuni ikawa tayari, safi, haiumi ulimi. Nilirudia mara tatu. Siku ya nne nikazidisha kila kitu kwa 16 na kuhamia kwenye pipa.

Pipa lile siisahau. Dakika za mwanzo hakuna kilichotokea. Mafuta mekundu yalikaa juu, maji ya kostiki yakakaa chini, na mwiko ukapita katikati yake bila kuyapatanisha. Nikaagiza kuni ziongezwe. Mzee akasema, "Ngoja kwanza." Sikungoja. Kisha pipa likabadilika rangi kwa pamoja, kutoka nyekundu kuwa ya machungwa iliyofifia, likanguruma, na povu likapanda. Pipa lilikuwa na nafasi ya zaidi ya theluthi moja juu, na povu halikujali. Lilipita ukingo, likamwagika sakafuni, likamfikia kijana wetu wa kuni kwenye kifundo cha mguu. Mzee hakupiga kelele. Alimbeba, akamweka kwenye karai, akammwagia maji ndoo baada ya ndoo kwa muda mrefu kuliko nilivyoona haja, mpaka akaridhika. Kijana alipona. Kovu analo, na nimeliona kila tulipokutana tangu hapo. Kosa lilikuwa langu.

Usiku ule nilikaa na daftari, na hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya moto kuwashwa nikaifanya baada ya mtu kuungua. Mmenyuko wa kostiki na mafuta hutoa joto. Joto hilo huzaliwa katika ujazo wote, lakini hutoka kupitia uso wa chombo. Nilipozidisha mafuta kwa 16, uso wa chombo uliongezeka mara sita tu na kidogo. Sufuria yangu ilikuwa ikipoa yenyewe bila mimi kujua. Pipa halikuwa na pa kutolea joto lake. Mtu akikuambia amepata kipimo maabara na sasa anataka kiwanda, muulize kwanza joto litapitia wapi kutoka.

Jambo la pili lilikuwa la ndani zaidi. Kwa nini pipa lilikaa kimya kisha likalipuka? Mafuta na maji hayachangamani. Kostiki imo kwenye maji, na mmenyuko hutokea pale tu vinapogusana. Ni posa isiyo na mshenga: pande mbili zimekaa, hakuna wa kuanza. Mshenga ni sabuni yenyewe. Chembe ya sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili, kwa hiyo sabuni kidogo ikishazaliwa, huyavuta yote mawili karibu, sabuni zaidi huzaliwa, na mwendo hujiongeza wenyewe. Mimi nilikuwa nimemimina kostiki yote wakati mshenga hajafika. Ikajilimbikiza. Alipofika, ikaingia yote kwa pamoja.

Mzee alikuwa na dawa ya jambo hilo miaka mingi kabla yangu. Hakuwahi kuosha pipa. Alibakiza sabuni ya jana chini, kama mwenye kuoka anavyobakiza donge la unga uliochachuka. Siku ya ajali nilikuwa nimeagiza pipa lisuguliwe ling'ae, kwa ajili ya usafi wa jaribio.

Pipa la pili, lile la utepe wa sabuni, nililipika kwa woga, kostiki ikiingia kidogo kidogo. Halikufurika, ila halikumalizika kwa saa niliyotabiri, kwa sababu saa yenyewe niliitoa kwenye sufuria ambayo mwiko mmoja ulifika kila pembe. Pipa lina mahali mwiko haufiki. Ulimi wa Mzee ulijua hivyo.

Kulikuwa pia na kipimajoto. Kitabu changu kilitaka mchemko wa nyuzi 100, na mimi nilisimama juu ya birika la maji matupu nikingoja 100 ambayo haikuja. Nikadhani kifaa kimeharibika. Kilikuwa kizima. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya bahari, na mji wetu umekaa ukingoni mwake. Kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 97. Kitabu kiliandikwa mahali pengine.

Baada ya hapo niliacha kubahatisha. Katika maktaba ya chuo nilikuwa nimesoma habari za Ronald Fisher, aliyepanga majaribio ya mashamba Rothamsted, Uingereza, na za George Box na K. B. Wilson, ambao mwaka 1951, wakiwa katika kampuni ya kemikali ya ICI, walionyesha namna ya kutafuta hali bora ya mmenyuko kwa majaribio machache. Nilifundishwa shuleni kubadilisha kitu kimoja na kushikilia vingine. Wao walisema: badilisha vyote kwa mpangilio, kwa maana vitu huongea vyenyewe kwa vyenyewe. Nikachagua mambo matatu. Ukali wa maji ya kostiki: asilimia 20 au 30. Joto la kuanzia: nyuzi 70 au 90. Sabuni ya jana: hakuna, au moja ya kumi ya uzito wa mafuta. Mambo matatu, kila moja kwa hali mbili, ni sufuria nane. Tulizipika kwa siku nne, mbili kwa siku, na mpangilio wa zamu tuliutoa kwa kuokota vikaratasi ndani ya kofia ya Mzee, ili kuni mbichi au mvua ya asubuhi isipendelee upande mmoja.

Sufuria zile nane zilinifundisha kuliko muhula mzima. Kostiki kali bila sabuni ya jana ilikuwa ya mwisho kabisa kwa mwendo. Kostiki kali pamoja na sabuni ya jana ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Basi ukiuliza, "Kostiki kali ni nzuri au mbaya?" hakuna jibu, mpaka useme mshenga yupo au hayupo. Sababu inaeleweka: sabuni haiyeyuki vizuri kwenye kostiki kali, kwa hiyo ile chache inayozaliwa mwanzoni hujitenga badala ya kufanya kazi. Ndiyo maana wapishi wa sabuni wa zamani walianza na maji ya kostiki dhaifu na kuyaongeza ukali baadaye. Na joto? Palipokuwa na sabuni ya jana, tofauti ya nyuzi 70 na 90 ilikuwa ndogo mno. Mmenyuko ulijipasha wenyewe. Kuni tulizokuwa tukichoma ili kuanza kwenye 90 zilikuwa zinateketea bure, na kuni Bujumbura wakati ule zilikuwa ghali.

Sufuria iliyoshinda ilikuwa ya kostiki asilimia 30, nyuzi 90, na sabuni ya jana. Nilimpelekea Mzee kama mtu aliyeshinda tuzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na mafuta yakija na maji?"

Ninaandika makala hii kwa ajili ya swali lile.

Mafuta ya Rumonge yalikuja kwa madumu kutoka kwa wakamuaji wadogo, na ukamuaji wao ni wa kuchemsha tunda na kuenga mafuta juu ya maji. Hata mkamuaji mwaminifu hubakiza maji na matope humo. Tulipima hivi: gramu 100 za mafuta kwenye kikaango kidogo, moto wa chini, uyasikilize yanavyopasuka, na yakinyamaza uyapime tena. Siku nyingine zilibaki gramu 99. Siku nyingine zilibaki 95. Kwa dumu la 95, kipimo changu cha gramu na nukta kilikuwa kinatia kostiki ya mafuta ambayo hayapo, na sabuni hiyo humchubua mama anayefua. Tena tunda lililolala siku nyingi kabla ya kukamuliwa hutoa mafuta machachu, yenye asidi zilizokwisha kuachana na gliserini, na hizo hukutana na kostiki papo hapo na kutengeneza mabonge. Kostiki nayo haikuwa ya kuaminika. Mfuko ukifunguliwa Novemba, mvua zikiwa zimeanza, hunyonya unyevu na hewa ya ukaa, na ganda jeupe linalojijenga juu yake ni magadi ya kawaida, yasiyoweza kuvunja mafuta mazima. Unapima kilo moja, unapata pungufu.

Kwa hiyo tulifanya majaribio ya pili, na haya sikuyasoma popote, niliyapata kwa Mzee. Tulichukua vipimo vitatu, viwili vilivyofanya vizuri na kimoja cha ukali wa katikati, tukavitesa kwa makusudi. Tulivipa mafuta yenye maji, tukavipa mafuta machachu, tukaondoa moto katikati kwa nusu saa kama ambavyo kuni huisha. Kile cha kwanza, mshindi wangu, kiliharibika mara mbili kati ya tatu. Kilikuwa kimekaa juu ya kilele chembamba, ukisogea hatua moja unateremka. Kipimo cha kostiki asilimia 25 hivi, kuanzia nyuzi 70, na sabuni ya jana, kilichelewa kidogo siku njema, lakini siku mbaya zote tatu kilitoa sabuni inayouzika. Kilikuwa juu ya uwanda.

Tuliuchagua uwanda. Tukaongeza jambo moja: tulitia sehemu tisa tu kati ya kumi za kostiki iliyohesabiwa. Sehemu ya kumi ilisubiri pembeni kwenye ndoo. Tukishakoroga mpaka utulivu, tulikata kipande, tukadondoshea tone la fenoftalini niliyopewa na maabara ya chuo, tukatazama. Tone likibaki bila rangi, kostiki imekwisha, ongeza kidogo. Likigeuka waridi, ngoja. Likiwa bado waridi baada ya nusu saa, mafuta ndiyo yaliyokwisha, na kostiki ya ndooni hurudi kwenye chombo chake hadi pipa lijalo. Tulipima pipa lenyewe, na tukaacha kuuamini mfuko. Nilipoona ulimi wa Mzee na tone langu vinakubaliana mara tisa mfululizo, nilimwomba aache kuonja. Alikataa. Alisema chupa itakwisha, ulimi hautakwisha. Chupa ikaisha kweli kabla ya Pasaka.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Mjapani Genichi Taguchi alikuwa amelieleza wazo hili la kipimo kinachosamehe kwa mfano wa kiwanda cha vigae cha Ina Seito, miaka ya 1950. Joto la tanuri lao halikuwa sawa kila mahali, na vigae vya pembezoni vilipinda. Kununua tanuri jipya kulikuwa ghali mno. Wakabadilisha mchanganyiko wa udongo kwa kuongeza chokaa, na vigae vikaacha kujali tanuri. Nilisoma ukurasa ule mara mbili nikiwa na furaha na uchungu. Furaha kwa kuwa tulikuwa sahihi. Uchungu kwa kuwa Mzee alikuwa amekwisha kufariki, na hakuna kitabu kitakachoandika kwamba swali hilo hilo liliulizwa na mpika sabuni wa Buyenzi.

Naamini nchi zetu zinahitaji kemia ya namna hii kuliko nyingine yoyote. Mwaka 2013 Mrundi Gérard Niyondiko na mwenzake wa Burkina Faso, Moctar Dembélé, wakiwa wanafunzi Ouagadougou, walishinda shindano la Global Social Venture huko Berkeley, Marekani, kwa wazo la sabuni ya kuzuia mbu. Nilijivunia sana. Papo hapo nikawaza joto la pipa, kwa kuwa mafuta ya mimea yenye harufu huruka haraka, na sabuni inayochemka ingeyafukuza yote kabla haijamfikia mbu hata mmoja. Wazo zuri la sabuni huamuliwa kwenye nyuzi ngapi, kwa mpangilio upi, na nini hutiwa mwisho.

Vikwazo vilisitishwa Januari 1999. Kostiki ikarudi bandarini, bei ikashuka, na Mzee hakurudi kwenye kilo 17. Mlangoni mwa karakana aliandika kwa chaki, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: PIMA MAJI YA MAFUTA. BAKIZA SABUNI. TIA TISA. ONJA.

Kutoka kampasi ya Mutanga hadi Buyenzi si mbali, na mafuta ya Rumonge bado huingia mjini kwa madumu. Ninawaomba walimu wa kemia wa chuo chetu: kabla hamjampa kijana shahada, mpelekeni akapike pipa zima pamoja na fundi, mara tatu, kwa mafuta mabaya.